Ukuta Uliokauka Mbele ya Injinia

Injinia Robert aliubandika mkono wake ukutani, vidole vyote vitano, akauacha hapo kitambo kama daktari anayesikilizia kifua cha mgonjwa. Kisha akautoa na kuuinua ili kila aliyekuwa sebuleni auone.

"Mkavu," alisema.

Joyceline Nandonde alisogea akaugusa ukuta na yeye. Mkavu kweli. Jana saa tano asubuhi ukuta huu huu, mahali hapa hapa, chini ya kabati la miungu la mama Shanta, ulikuwa umelowa mpaka aliufuta kwa leso na leso akaikamua. Picha sita zilikuwa kwenye simu yake. Leo saa tatu ukuta umekauka kau, umebakiza baka la rangi ya chai ambalo Robert alilitazama bila hamu.

Miaka kumi na minne Joyceline alikuwa polisi wa upelelezi, kabla hajajiajiri na kuanza kuwatafutia mawakili ushahidi, sasa akiwemo wakili wa mama Shanta. Ameshatafuta magari yaliyopotea, wosia za kughushi, na mara mbili maiti. Maiti zina adabu zake: mtu akishakufa hafufuki kwa sababu daktari anakuja. Ukuta huu ulikuwa na tabia mbaya zaidi. Ulikuwa kama unajua ratiba ya injinia.

"Ukaguzi wa nne," Robert alisoma huku akiandika kwenye fomu. "Hakuna unyevu uliobainika. Hakuna kasoro."

"Andika pia kwamba jana palikuwa na maji."

"Jana sikuwepo, dada yangu. Naandika ninachokiona."

"Nina picha."

"Picha ya ukuta uliolowa kila mtu anaweza kuipiga. Ndoo moja tu inatosha." Alisema hivyo kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomchefua Joyceline. "Mimi simsingizii mtu. Nasema tu ofisi haitapokea picha."

Na ofisi ndiyo iliyokuwa na neno. Kampuni ya Nguzo Pana, mwajiri wa Robert, iliwakabidhi wenyeji jengo hili la ghorofa tisa tarehe tisa Mei mwaka jana. Mkataba ulitoa miezi kumi na miwili ya matazamio: kasoro yoyote ya ujenzi ikijitokeza ndani ya muda huo na ikapokelewa ofisini, mkandarasi anairekebisha mwenyewe. Leo ni Ijumaa, tarehe tisa Mei. Ofisi inafungwa saa kumi jioni. Baada ya saa kumi ukuta ni wa mama Shanta, pamoja na maji yake na kila kipande cha plasta kitakachodondoka.

Kimoja kilishadondoka, kipana kama sinia, juu ya kitanda cha mjukuu wake Zarna upande wa pili wa ukuta. Mtoto alikuwa shule, Mungu bariki. Tangu siku hiyo mkwe wake, Alpa, mama yake Zarna, alikuwa na mabegi mawili mlangoni. Alishasema, bila kupandisha sauti, kwamba ukuta usipopata mwenyewe leo, kesho yeye na Zarna wanahamia kwa wazazi wake Upanga na hawarudi. Mama Shanta hakuwa na pa kuwafuata wala pa kukimbilia. Nyumba alimozaliwa, ya baba yake, ndiyo iliyovunjwa ili ghorofa hili lisimame, na makazi haya ya ghorofa ya sita ndiyo aliyopewa badala yake.

"Halafu kuna ile," Robert aliongeza, akaonyesha kwa kalamu nje barazani. Mti wa tulsi, mrihani mtakatifu wa Wahindu, ulikuwa kwenye chungu chake, umechanua vizuri. "Mama, ule mmea unaumwagilia kila asubuhi, si ndiyo? Maji yanapita chini ya vigae, yanaibukia ukutani. Hayo ni matumizi ya mwenye nyumba. Siyo kasoro ya mjenzi."

"Jana sikuumwagilia," alisema mama Shanta. Alikuwa mfupi, wa miaka sitini na saba, na alikuwa amesimama muda wote huo kwa sababu aliona kukaa ni kushindwa.

"Pengine umesahau."

"Sikusahau. Jana ilikuwa Ekadashi. Mimi nafunga, na tulsi naye anafunga, hapewi hata tone. Jumapili pia hapewi. Muulize Mhindu yeyote hapa Mchafukoge."

Joyceline alifungua daftari lake. Mama Shanta alimwandikia siku zote ambazo ukuta ulilowa tangu Februari, na yeye usiku wa juzi alizipanga akakosa mpango wowote ndani yake. Sasa alihesabu Jumapili. Zilikuwa tatu. Jumapili tatu ambazo mmea haukupata maji na ukuta ukayapata. Na mvua ya masika, aliyokuwa ameishuku kabla ya mmea, ilimwagika Jumatatu na Jumanne yote, lakini Jumanne hiyo hiyo Robert alikuja akakuta ukuta mkavu. Siyo mmea. Siyo mvua. Alifuta vyote viwili kwa mstari mmoja na akabaki hana kitu.

"Hilo la mmea kufunga siwezi kuliandika kwenye fomu," Robert alisema. "Mzee, nisainie hapa kwamba tumekagua."

Mzee Praful, mume wa mama Shanta, alikuwa kwenye kiti cha pembeni tangu asubuhi, gazeti mapajani, kimya. Alisaini kabla hata hajavaa miwani.

"Soma kwanza!" mkewe alimkaripia.

"Basi, Shanta. Injinia amesema. Tutapaka rangi, yaishe."

Joyceline alimtazama. Mzee mwenye duka la vifungo na zipu Kariakoo, mtu anayegeuza kila risiti mara mbili, amesaini karatasi bila miwani. Aliliandika hilo pia, ingawa hakujua aliweke wapi.

*

Nassibu, msimamizi wa jengo, alikuwa chini kwenye chumba cha pampu akinywa chai kwenye kikombe cha bati.

"Mambo, Nassibu?"

"Poa, dada. Vipi, injinia keshatoka?"

"Katoka. Pampu mbona kimya?"

"Nilizima. Akija injinia tunazima."

Joyceline alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Nani anakwambia uzime?"

"Ofisini kwa Nguzo Pana. Wananipigia simu asubuhi, wanasema injinia anakuja, zima pampu. Ni utaratibu. Pampu na lifti haviendi pamoja, umeme unakata. Sasa injinia akwamie kwenye lifti?"

Maelezo yalikuwa mazuri, na yalielekea kumtuliza mtu yeyote. Tatizo ni kwamba jana saa tano Joyceline alipanda na lifti hiyo hiyo huku pampu ikinguruma mpaka miguu ikamtetemeka.

"Jana pampu ilikuwa inakwenda?"

"Tangu saa tatu. Maji ya bomba yalikuja, nikapandisha kwenye matanki ya juu."

"Na lifti?"

Nassibu alifikiri. Kikombe kilisimama katikati ya njia. "Ilikuwa inakwenda," alikiri, na uso wake ukaonyesha kwamba ndiyo kwanza analisikia jambo hilo kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Msimamizi huyu alikuwa na daftari. Kila alipowasha pampu aliandika siku na saa, na kila ilipozimwa aliandika sababu, kwa mwandiko wa mtu aliyependa shule lakini hakukaa nayo sana. Joyceline aliweka daftari lake kando ya lile. Siku ambazo ukuta ulilowa, pampu ilikuwa imewashwa. Siku nne za ukaguzi, pampu ilikuwa imezimwa. Hakuna hata siku moja iliyokataa.

"Washa," alisema.

Alipanda juu, akavuta kiti mbele ya ukuta, akakaa. Mama Shanta akakaa naye. Alpa alisimama kwenye mlango wa jikoni na mikono imekunjwa. Dakika ya kumi hakukuwa na kitu. Dakika ya kumi na nane baka la rangi ya chai liligeuka kuwa la rangi ya kahawa. Dakika ya ishirini na tano tone la kwanza lilitokeza, likaning'inia, likashuka polepole hadi kwenye vigae.

"Afadhali!" mama Shanta alipiga kofi moja la furaha, kama aliyefutiwa kesi mahakamani. Joyceline naye alijisikia mwerevu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Akampigia Robert.

"Injinia, maji yamerudi. Ni bomba la kupandishia maji juu. Pampu ikiwashwa linavuja, ikizimwa linatulia. Njoo."

Upande wa pili zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Haliwezi kuwa bomba hilo," Robert alisema. "Kwenye mchoro bomba la kupandishia linapita kwenye shimo la mabomba, kando ya lifti. Ukuta wa huyo mama hauna bomba lolote. Kama lipo, wameliweka wenyewe baada ya kukabidhiwa. Na nikukumbushe, mkivunja ukuta bila idhini yetu ya maandishi, matazamio yamekufa hapo hapo. Soma mkataba."

"Basi nipe idhini."

"Omba kwa barua. Inajibiwa ndani ya siku saba."

Simu ilikatika. Joyceline aliangalia saa. Saa tano na robo. Ukuta unavuja, ndani yake hamna bomba, na kuthibitisha kwamba lipo ni kuvunja, na kuvunja ni kupoteza kila kitu. Alijisikia mjinga upya, tena mjinga mwenye kiti cha mbele.

*

Kitu alichobaki nacho ni kugonga. Alianza chini kabisa kwa kifundo cha kidole, akapanda akisikiliza. Tofali, tofali, tofali. Pembeni mwa kabati la miungu, sauti ikabadilika. Akagonga tena. Uwazi. Akasogea kushoto: tofali. Akarudi: uwazi.

"Mama, nyuma ya mandir, hili kabati la miungu, kuna nini?"

"Ukuta. Kuna nini tena?"

"Naomba tuisogeze."

"Hapana!"

Aliyesema hapana ni mzee Praful. Alikuwa amesimama, gazeti limeanguka sakafuni. Mtu ambaye hakuinuka asubuhi nzima, si kwa injinia wala kwa maji yaliyochuruzika mbele yake, ameinuka sasa. "Mandir haiguswi. Imewekwa siku ya baraka ya Akshaya Tritiya, na pandit, kuhani wetu, kwa sala. Shanta, mwambie."

"Tangu lini wewe unanifundisha mandir?" mama Shanta alimuuliza. Alinawa mikono, akasimama mbele ya miungu yake akisema maneno ya chini chini, kisha akaihamisha sanamu moja moja juu ya kitambaa cheupe mezani. Joyceline alivua viatu bila kuambiwa. Kabati lilikuwa limeshikwa na skrubu nne. Alizifungua.

Nyuma yake palikuwa na mfuniko wa jipsam, mraba kiasi cha kigae kikubwa, uliopakwa rangi ile ile ya ukuta. Skrubu nne nyingine. Kufungua skrubu siyo kuvunja. Joyceline alilisema hilo kwa sauti huku Alpa akimrekodi kwa simu, aliuondoa mfuniko bila kuchubua hata rangi, akawasha tochi.

Bomba lilikuwepo. La plastiki, nene, limesimama wima, likitoa jasho kwenye kiungo.

"Lipo!" mama Shanta alisema.

Joyceline alikuwa anasoma. Mabomba ya aina hii hupigwa chapa kiwandani kwa urefu wake wote: kipenyo, daraja na siku yalipotengenezwa. Hili lilisema 2024 06 17. Alisoma mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa Juni.

Nyumba ilikabidhiwa Mei tarehe tisa. Bomba lilitengenezwa wiki tano baadaye. Hakuna mkandarasi anayejenga ukuta kwa bomba ambalo halijatengenezwa bado. Kwa hiyo Robert amesema kweli: liliwekwa baada ya makabidhiano, na matazamio hayalihusu.

"Mama," alisema taratibu, "mlileta fundi humu ndani mwaka jana? Baada ya kuhamia?"

"Fundi gani? Hajaingia fundi hapa. Naapa mbele ya hawa." Akaonyesha sanamu zake mezani. Alikuwa hadanganyi, hilo Joyceline angeliwekea dhamana. Na chapa ya kiwanda nayo haidanganyi. Alisimama katikati ya kweli mbili zinazokataana, kichwa kinauma, na kwa mara ya kwanza alitamani ingekuwa maiti.

Aligeuka kumuuliza mzee Praful. Kiti kilikuwa kitupu.

"Ameenda dukani," Alpa alisema. "Ametoka mlipokuwa mnafungua."

*

Kuna jambo Joyceline alilikumbuka kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, akashuka zilizobaki mbio. Bomba la kupandishia maji ni moja kwa jengo zima. Huwezi kulikata uweke kiungo bila kuwanyima watu wote maji. Na kila pampu ilipozimwa, Nassibu aliandika sababu.

Walifungua kurasa za mwaka jana pamoja. Juni hakuna. Julai, tarehe kumi na tatu, Jumamosi: Maji yamefungwa. Kazi gh. 6. Fundi Goodluck wa N. Pana. Jumapili, tarehe kumi na nne: Bado kazi gh. 6. Maji saa 11 jioni.

"Goodluck wa Nguzo Pana," Joyceline alisema. "Siyo fundi wa mtaani."

"Wa mtaani simruhusu kugusa pampu yangu."

"Nani aliwafungulia mlango?"

"Mzee mwenyewe. Mama alikuwa harusini Tanga." Nassibu alishusha sauti. "Alinipa na soda. Akasema nisimwambie mtu, hasa mama. Nikajua anamfanyia sapraizi."

Kariakoo saa saba mchana haipitiki kwa haraka, hata ukiwa na haki upande wako. Joyceline alipenya katikati ya mabunda ya vitenge na wapiga debe, akalikuta duka la mzee Praful katikati ya maduka mengine ya vifungo. Mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta akipanga zipu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Julai kumi na tatu. Goodluck."

Zipu zilisimama. Joyceline alingoja. Hii ndiyo sehemu pekee ya kazi yake aliyokuwa na hakika nayo: kungoja.

"Ilikuwa miezi miwili tu tangu tuhamie," mzee alisema mwishowe. "Nikaona doa chini ya mandir. Dogo, kama sarafu. Shanta hakuliona, macho yake hayako sawa. Miaka miwili, binti yangu, miaka miwili alikataa nyumba ya baba yake isivunjwe. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nikamwambia utapata nyumba mpya, safi, miungu yako itakaa pazuri. Halafu maji yanatoka nyuma ya miungu! Angesema nini? Angesema nyumba imetukataa, na aliyetuleta hapa ni mimi."

"Ukawaita kampuni."

"Alipokwenda Tanga nikawaita. Walitoboa, wakakuta bomba lao limepasuka. Wakakata kipande kibovu, wakaweka kipya, wakafunika."

"Ngoja." Joyceline aliinamia kaunta. "Bomba lao. Lilikuwepo tayari?"

"Lilikuwepo. Kwani nani angeliweka? Wao wamebadilisha kipande tu, cha kama nusu mita."

Alisikia kitu kikitulia kichwani. Kwenye tundu lile aliona katikati tu ya bomba. Ncha zake hakuziona.

"Walikupa karatasi?"

Mzee Praful aliinama chini ya kaunta akatoa kopo la vifungo vya makoti, akavimwaga. Chini palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nembo ya Nguzo Pana. Marekebisho ya bomba la kupandishia maji, ukuta wa sebule, ghorofa ya sita. Saini ya mzee. Na saini ya injinia, Robert, yenye mkia mrefu ule ule aliouona asubuhi.

"Ichukue," mzee alisema haraka. "Wapelekee. Sema umeiokota kwenye mafaili yao."

"Watasema ni ya kughushi. Karatasi hii bila wewe haina kazi."

"Shanta atajua."

"Atajua. Na asipojua, kesho mkwe wako anaondoka na mtoto. Chagua mzee, maana saa nane inaingia."

Alimwonea huruma, na wala hakuficha. Mzee Praful aliviokota vifungo kimoja kimoja akavirudisha kwenye kopo mpaka cha mwisho. Kisha akavuta mlango wa duka chini.

*

Robert alifika saa tisa kasoro. Joyceline alimwambia kwenye simu maneno mawili tu, Julai na Goodluck, naye hakuomba barua.

Mzee Praful alisimama katikati ya sebule, karatasi mkononi, akasema yote. Aliyasema kwa Kiswahili ili Joyceline na injinia wasikie, kisha akaanza kurudia kwa Kigujarati, mkewe akamnyamazisha kwa kiganja.

"Nimesikia," alisema mama Shanta. "Miezi mitatu nahangaika kutafuta shahidi. Nimemlipa wakili, nimemsumbua dada wa watu. Kumbe shahidi nalala naye chumba kimoja."

Hakumwambia zaidi ya hapo. Ilitosha.

Joyceline aliomba kioo cha mkono. Alikiingiza kwenye tundu, akaelekeza tochi juu. Pale kipande kipya kilipoishia, bomba la zamani lilianza, nalo lilikuwa na chapa yake: 2023 11. Chini vilevile. Miezi sita kabla ya makabidhiano.

"Bomba ni lenu, injinia," alisema bila kutoa mkono. "Mmelipitisha humu wakati mnajenga, mchoro ukasema vingine. Lilipasuka, mkalirekebisha, ukasaini. Na mkataba, ambao umeniambia niusome na nimeusoma, unasema kilichorekebishwa kinaanza miezi kumi na miwili mipya tangu siku ya marekebisho. Ukuta huu una matazamio mpaka Julai."

Robert alisoma saini yake mwenyewe kwa muda mrefu kuliko saini inavyohitaji. Alivuta fomu mpya, akaandika: Kasoro imepokelewa. Mkandarasi atarekebisha. Akasaini. Alpa alikwenda mlangoni, akayachukua yale mabegi mawili, akayarudisha chumbani.

Ingepaswa kuwa mwisho. Lakini Joyceline bado alikuwa na kioo ndani ya tundu, na kitu kilimsumbua. Nusu mita ya bomba. Kazi ya siku mbili kwa fundi mmoja. Kampuni gani inapanga kuzima pampu mara nne, inampigia simu msimamizi, inamtuma injinia adanganye mbele ya watu, ili tu ikwepe nusu mita?

Ndani ya kioo, juu kabisa ambapo mwanga wa tochi ulikuwa unafifia, tone lilishuka kando ya bomba. Siyo kutoka kwenye kiungo cha mama Shanta. Lilitoka juu zaidi.

Aliutoa mkono wake taratibu.

"Bomba hili linaanza chini kwa Nassibu na kuishia kwenye matanki juu ya paa," alisema. "Kama halimo shimoni kwenye ghorofa ya sita, halimo shimoni popote. Limo ndani ya ukuta huu huu, nyumba tisa, moja juu ya nyingine. Ndiyo maana, eti, injinia? Mkipokea moja mmepokea tisa."

Robert alikuwa anafunga mkoba. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Joyceline alimwona ni mtu tu, tena aliyechoka.

"Mimi nasaini ninachotumwa, dada yangu," alisema. "Kwa hawa wengine sina malalamiko yoyote mezani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuleta. Mwenye nayo ayalete ofisini kabla ya saa kumi. Baada ya hapo muda wao umekwisha."

Alitoka. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika ishirini.

"Labda kwao hakuvuji," Alpa alisema. "Wangesema. Mwaka mzima, nyumba nane, wote wanyamaze?"

Hilo ndilo lililomchanganya Joyceline kuliko vyote vya siku hiyo. Mama Shanta alimtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu amalize kusema, akamtazama kwa kitambo, kama anayemhesabia kitu. Kisha akavaa kandambili.

"Twende," alisema.

Walishuka ngazi hadi ghorofa ya tano, mama Shanta mbele, Joyceline nyuma yake, na mzee Praful nyuma kabisa bila kuitwa. Aliyefungua mlango alikuwa Husna, muuza vitenge, aliyehamia na mumewe siku moja na wao, na ambaye watu wote jengoni walikula pilau yake ya maulidi ya kufungua nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuona ukuta wako wa sebuleni."

Husna aligeuka nyuma. Sebuleni kwake, mahali ambapo hakuna mtu anayeweka kabati la nguo, palisimama kabati la nguo la milango mitatu, limeubana ukuta kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, na chini yake taulo lilikuwa limekunjwa vizuri na kusukumwa ndani. Aliwatazama mmoja mmoja, akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake ili mumewe aliyekuwa ndani asisikie.

"Nani kawaambia?" alinong'ona.